Njia ya Baiskeli ya Danubi

Njia ya Baiskeli ya Danubi (kwa Kijerumani: Donauradweg) ni njia ndefu ya kusafiria kwa baiskeli inayofuata kingo za mto Danubi barani Ulaya. Inaanzia Donaueschingen, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ambako vijito vya Breg na Brigach vinakutana na kuufanya mto Danubi. Kutoka hapo inapita Austria, Slovakia na Hungaria, kisha inaendelea kuelekea Bahari Nyeusi. Sehemu inayojulikana kuliko zote ni ile inayotoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Ina urefu wa takriban kilomita 320, nayo ndiyo inayoelezwa katika makala hii.

Watu wengi wanaoipita si wanariadha. Ni familia zenye watoto, wastaafu na vijana wanaosafiri polepole, kwa kawaida kilomita 40 hadi 60 kwa siku, na kukamilisha safari yao kwa muda wa juma moja hivi. Njiani hupumzika penye makanisa ya kale, ngome, viwanja vya miji na mashamba ya mizabibu. Wepesi wa njia hii haukuletwa na maumbile peke yake. Ni matokeo ya kazi ya binadamu ya karne nyingi kandokando ya mto.

Jiografia

Passau iko kwenye kimo cha takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kingo za Danubi mjini Vienna ziko kwenye mita 160 hivi. Hivyo njia inashuka mita 140 tu katika kilomita 320, yaani chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Miguu ya msafiri haiwezi kuutambua mteremko mdogo namna hiyo, ila inatambua kwamba hakuna mlima wa kupanda.

Nchi yenyewe si tambarare kote. Mara kadhaa mto umechimba mabonde membamba ndani ya miamba migumu, na vilima vyenye misitu vinasimama pande zote mbili. Katikati ya mabonde hayo kuna nyanda pana zenye mashamba, kama vile bonde la Eferding na uwanda wa Tulln. Kwa kuwa njia hushikamana na maji, hubaki tambarare hata mahali ambapo vilima viko karibu.

Historia

Kabla ya reli na meli za mvuke, Danubi ilikuwa barabara kuu ya biashara. Mashua zilizobeba chumvi, nafaka, divai na mbao zilishuka kwa nguvu ya mkondo. Nyingine ziliuzwa kama mbao mwisho wa safari, kwa sababu kuzirudisha kulikuwa na gharama kubwa. Mizigo iliyopaswa kupanda kinyume cha mkondo ilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, na msafara mkubwa uliweza kuhitaji makumi ya farasi. Kwa ajili hiyo kulitengenezwa njia nyembamba kandokando ya maji, ambazo Waaustria huziita Treppelweg.

Mwaka 1829 ilianzishwa kampuni ya meli za mvuke ya Danubi, na mwaka uliofuata meli yake ya kwanza ilisafiri kutoka Vienna hadi Budapest. Meli za mvuke pamoja na reli ziliondoa kazi ya farasi katika karne ya 19. Hata hivyo njia zao hazikuachwa kabisa, maana watumishi wa mto waliendelea kuzihitaji kwa ukaguzi na matengenezo ya kingo.

Katika miaka ya 1980 njia hizo zilianza kutengenezwa na kuwekewa alama kwa ajili ya waendesha baiskeli. Wenyeji wa vijiji vilivyokuwa vimepoteza biashara ya mto wakapata wageni wapya waliohitaji chakula, kitanda na fundi wa baiskeli. Leo njia hii ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ya baiskeli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000 kutoka pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa hadi Bahari Nyeusi nchini Romania.

Kutoka Passau hadi Linz

Passau umejengwa mahali ambapo mito mitatu inakutana: Danubi, Inn na Ilz. Chumvi iliyoteremshwa kwa mto Inn iliutajirisha mji huo katika Zama za Kati. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano lilijengwa upya kwa mtindo wa baroko baada ya moto wa mwaka 1662, na kinanda chake chenye mabomba karibu 18,000 ni kati ya vile vikubwa kuliko vyote duniani. Kwenye ukuta wa mnara wa halmashauri ya mji kuna alama zinazoonyesha maji yalifika wapi katika kila mafuriko makubwa. Mwezi Juni 2013 yalifika mita 12.89, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1501.

Baada ya mpaka, mto unaingia kwenye bonde jembamba. Penye Schlögen unakutana na mwamba mgumu na kupinda kabisa, kiasi cha kuelekea tena ulikotoka, kabla ya kugeuka kwa mara ya pili. Kwenye ukingo wa kaskazini njia inakatika hapo kwa kuwa mlima unaingia majini, na wasafiri huchukua kivuko kidogo pamoja na baiskeli zao.

Linz ni mji mkuu wa jimbo la Austria ya Juu. Mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alifanya kazi hapa kuanzia mwaka 1612 hadi 1626.

Mauthausen

Kilomita chache baada ya Linz, upande wa kaskazini wa mto, kuna mji mdogo wa Mauthausen. Mwezi Agosti 1938, miezi mitano baada ya Austria kuunganishwa na Ujerumani ya Adolf Hitler, wafungwa wa kwanza waliletwa hapa kutoka Dachau. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya machimbo ya mawe ya matale. Wafungwa walilazimishwa kubeba mawe mazito mgongoni wakipanda ngazi ya machimbo, ambayo leo ina vidato 186. Kati ya watu takriban 190,000 waliofungwa Mauthausen na katika kambi zilizokuwa chini yake, wasiopungua 90,000 walikufa. Jeshi la Marekani lilifika tarehe 5 Mei 1945.

Kambi hiyo sasa ni mahali pa ukumbusho. Haionekani kutoka njia ya baiskeli, kwa kuwa iko juu ya kilima. Anayetaka kufika lazima aache ukingo tambarare na kupanda mlima mkali. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo msafiri wa Danubi hulazimika kutoka jasho, na wengi huona kwamba safari bila kupanda huko haijakamilika.

Ng'ambo ya mto kuna mji wa Enns, uliopewa hati ya haki za mji mwaka 1212. Karibu nao ilikuwepo kambi ya jeshi la Roma iliyoitwa Lauriacum, kwa maana Danubi ilikuwa mpaka wa kaskazini wa Dola la Roma.

Grein, Melk na Wachau

Karibu na Grein mto ulikuwa na miamba na maji yenye kuzunguka, yaliyoogopwa na mabaharia kwa karne nyingi. Miamba hiyo ililipuliwa kidogokidogo kuanzia karne ya 18, na sehemu iliyobaki ilifunikwa na bwawa la kituo cha umeme cha Ybbs-Persenbeug, kilichokamilika mwaka 1959. Grein ina ukumbi mdogo wa maigizo wa mwaka 1791, uliotengenezwa ndani ya ghala la zamani la nafaka.

Melk inatambulika kwa abasia ya Wabenedikto iliyo juu ya mwamba. Watawa walikuja hapa mwaka 1089, na majengo ya sasa yenye rangi ya manjano yalijengwa kati ya 1702 na 1736 kwa ramani za Jakob Prandtauer.

Kutoka Melk hadi Krems, umbali wa kilomita 36 hivi, kunaenea bonde la Wachau, ambalo UNESCO iliandikisha katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mizabibu hupandwa kwenye matuta yanayoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, na chini yake kuna bustani za matunda ya aprikoti. Katika kijiji cha Willendorf, mwaka 1908, kilipatikana kisanamu cha mwanamke chenye urefu wa sentimita 11, kilichochongwa yapata miaka 30,000 iliyopita. Juu ya mji wa Dürnstein kuna magofu ya ngome ambamo Richard I wa Uingereza, aliyeitwa Moyo wa Simba, alifungwa na mtemi Leopold V alipokuwa akirudi kutoka Vita vya Msalaba mwishoni mwa mwaka 1192. Aliachiwa mwaka 1194 baada ya fidia kubwa kulipwa.

Baada ya Krems bonde linapanuka. Penye Zwentendorf njia inapita kando ya kituo cha umeme wa nyuklia kilichokamilika lakini hakikuwashwa kamwe, kwa sababu wananchi walikikataa kwa kura chache katika kura ya maoni ya tarehe 5 Novemba 1978. Kisha inapita Tulln, alipozaliwa mchoraji Egon Schiele mwaka 1890, na Klosterneuburg yenye monasteri kubwa, hadi kuingia Vienna.

Namna ya kusafiri

Sehemu kubwa ya njia ina lami na haina magari. Mahali pengi kuna njia kwenye kingo zote mbili, na msafiri anaweza kuvuka kwa daraja, kwa kivuko au juu ya ukuta wa bwawa. Majira yanayofaa ni kuanzia Aprili hadi Oktoba. Wengi huenda kutoka magharibi kuelekea mashariki, kwa kuwa upepo wa mara kwa mara hutoka magharibi na kusukuma mgongo. Baiskeli zinakodishwa Passau na kurudishwa kwa treni au meli, na kuna kampuni zinazosafirisha mizigo ya wageni kutoka nyumba moja ya kulala hadi nyingine. Anayechoka hupanda treni, kwa kuwa reli iko karibu na mto kwa sehemu kubwa ya safari.

Mto na mazingira

Kati ya Passau na Vienna mto umezuiwa na mfululizo wa mabwawa ya umeme. Yameupa mkondo utulivu na kuwapa waendesha baiskeli kingo imara na mahali pa kuvukia. Lakini yamebadilisha pia uhai wa mto, kwani maji hayatembei kama zamani na misitu ya ukingoni haipati tena mafuriko yake ya kila mwaka. Mafuriko makubwa hayakukoma, na miji kama Grein ina kuta za kuhamishika zinazosimamishwa hatari inapokaribia.

Nchini Austria, Danubi inatiririka bila kizuizi katika sehemu mbili hasa: Wachau na mashariki mwa Vienna. Zote mbili zilikuwa na mipango ya mabwawa, na zote zilitetewa na wananchi. Mwezi Desemba 1984 maelfu ya watu walikaa kwenye msitu wa mtoni karibu na Hainburg, katika baridi kali, ili kuzuia ukataji wa miti. Serikali ilisimamisha kazi, na mwaka 1996 eneo hilo likawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Donau-Auen. Msafiri anayeendelea kutoka Vienna kuelekea Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, hupita ndani ya hifadhi hiyo juu ya tuta refu lililojengwa kuzuia mafuriko.