Baki la Hesabu: Ziwa Victoria na Ufundishaji wa Haidrolojia ya Uzamili

Mwanafunzi wa uzamili hukutana mapema na mizania ya maji: kinachoingia, ukiondoa kinachotoka, ni sawa na badiliko la hifadhi. Ziwa Victoria laonyesha wepesi huo unapokomea. Katika ziwa hili la takriban kilomita za mraba 68,800, karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera, Nzoia, Mara na mito mingine hugawana kinachosalia. Maji yanayopotea kwa mvukizo nayo ni mengi kuliko yanayotoka kwa Nile pale Jinja.

Vipimamvua vingi, hata hivyo, vipo nchi kavu. Usiku upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na radi hupiga mahali ambapo, visiwa vikiwekwa kando, hakuna kituo. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 1,700, na makadirio yamekosea kwa asilimia 5, kosa dogo kwa viwango vya fani hii. Hizo ni milimita 85, au karibu mita za ujazo bilioni 5.8. Nile ikitoka Jinja kwa mita za ujazo 1,200 kwa sekunde, kosa hilo peke yake ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya maji yake ya mwaka mzima.

Mvukizo hukadiriwa kwa fomula ya Penman au, jambo linalonikera zaidi, huchukuliwa kuwa baki la hesabu. Mizania ya namna hiyo haikosi kufunga, kwa kuwa imefungwa kwa mkono.

Kina cha maji kiliposhuka mwaka 2005 na 2006, ulizuka ubishi: ni ukame, au ni mabwawa ya Nalubaale na Kiira yaliyotoa maji kupita kanuni iliyokubaliwa, inayotaka yaachie kiasi ambacho mto wenyewe ungetoa? Fungu la mabwawa liliweza kukadiriwa bila kuijua mvua ya ziwani, kwa sababu kina na mtiririko vilikuwa na rekodi. Hakuna modeli ambayo ingeziba pengo la rekodi hizo.

Kwa hiyo nashikilia kwamba tasnifu ya vipimo inastahili hadhi ileile inayopewa tasnifu ya modeli. Nitaambiwa kuwa setilaiti zinatosha. Kwa kina cha ziwa, zinafanya kazi nzuri. Kwa mvua, makadirio yake husahihishwa kwa vituo vya ardhini, na tumeshaona viliko. Nitaambiwa pia kuwa miaka miwili ya uzamili ni mifupi. Kweli, haitoshi kueleza tabianchi. Lakini vuli na masika za miaka hiyo, zikipimwa kila saa katika visiwa vya Ukerewe na Ssese, zinatosha kuonyesha setilaiti inakosea kiasi gani katika mvua za usiku, na swali hilo linamtosha mtahiniwa mmoja.