Dungu la kutazamia

Mnara hujengwa ili uonekane. Neno lenyewe lilitoka kwa Waarabu likiwa na maana ya mahali pa nuru, na pwani likashikamana na vitu ambavyo jicho huvitafuta kutoka mbali: mnara wa msikiti, mnara wa taa unaoongoza vyombo, kaburi lenye nguzo ndefu. Mnarani, kule Kilifi, pamepata jina kwa kaburi la namna hiyo. Siku hizi mnara tunaoujua sote ni wa simu, na huo hupakwa mistari myekundu na myeupe ili rubani asiukose.

Wasanifu majengo wanayo kazi iliyo kinyume cha hiyo. Ni jengo ambalo Kiingereza hulitaja kwa maneno observation tower, na likijengwa katika nchi ya volkano huagizwa mambo mawili yanayovutana: limwinue mtu aone mbali, lakini lenyewe lisiharibu kile anachokuja kukiona. Tafsiri iliyozoeleka ni mnara wa uangalizi. Inaeleweka, ila hainiridhishi. Uangalizi tumeuzoea katika uchaguzi na hospitalini. Hauna furaha ya kutazama ndani yake. Na neno mnara humtuma mchoraji moja kwa moja kileleni, akachore kitu kirefu chembamba kinachotoboa anga.

Napendekeza dungu. Dungu, wingi madungu, ni jukwaa lililoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, anapokaa mlinzi wa kufukuza ndege, nyani na nguruwe. Limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na wakulima walikuwa nalo kabla ya kamusi yoyote. Ulingo ni ndugu yake, lakini huo umekwisha kuchukuliwa na wanasiasa na mabondia. Dungu limebaki shambani, na tabia yake ndiyo tunayoitaka: hujengwa kwa miti ya hapo hapo, na kimo chake hakipiti haja. Macho ya mlinzi yakishafika juu ya mazao, kazi ya mjenzi imekwisha. Tukiongeza kazi yake mpya tunapata dungu la kutazamia, na mchoraji anaanza na picha nyingine kabisa kichwani.

Tulipeleke neno hilo Kaaga tulipime. Kaaga iko kando ya mji wa Meru, mahali ambapo Wamethodisti walianzisha misheni yao mwaka 1912. Mtu aliyesimama pale amesimama juu ya mteremko wa volkano iliyozimika, Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199. Kaskazini mashariki iko safu ya Nyambene, nayo ni ya volkano, changa kuliko Mlima Kenya, na kwenye miteremko yake ya kuelekea Isiolo vimetawanyika vilima vya mviringo vilivyorundikwa na mawe mepesi yenye vishimo, yaliyorushwa juu yakiwa ya moto. Nalo Ziwa Nkunga, ambalo Wameru wanaliheshimu kuwa takatifu, limekaa ndani ya kasoko, limezungukwa na msitu. Tope la chini yake limehifadhi chavua za maelfu mengi ya miaka, na wanasayansi wameisoma humo historia ya mimea ya mlima.

Katika nchi kama hii, adui wa kwanza wa msanifu ni mstari unaotenganisha kilima na anga. Kilima cha volkano kina umbo laini, na jicho hukamata mara moja chochote kinachoukata mstari huo, hata nguzo ya mita chache. Kwa hiyo dungu halikai kileleni. Linakaa begani, chini kidogo ya kilele, ili mteremko uwe nyuma yake badala ya mawingu. Mtazamaji atapoteza upande mmoja, na wenye fedha watalalamika. Naona hasara hiyo ni ya haki, kwa kuwa kilima kile ni mali ya macho ya watu wote wanaoishi chini yake, hata wasiolipa kiingilio.

Rangi hufuata. Mabati mapya hung'aa kutoka maili nyingi, na hata kijani cha rangi ya kopo hakioani na kijani cha migomba na mibuni. Rangi ya kuaminika ni ile iliyo nyeusi kidogo kuliko ardhi: kijivu cha basalti, au wekundu wa kutu ambao chuma kilichomo ndani ya mawe yenyewe huuleta. Wapo wanaopenda chuma maalumu kinachojifunika kwa kutu yake na kuacha kuliwa. Huko Isiolo kwenye ukavu kingefaa. Meru nina shaka nacho, maana kutu hiyo hukomaa pale tu chuma kinapolowa na kukauka kwa zamu, na ukungu wa upande huu wa mlima hauachi chuma kikauke.

Kioo nacho humsaliti mjenzi. Kikisimama wima hurudisha anga na jua. Kikiinamishwa, sehemu ya juu ikitokeza nje, hurudisha udongo na nyasi. Paa likizidi ukuta kwa upana wa kutosha, kivuli hukamilisha kazi.

Chini ya miguu kuna taabu zaidi. Lava haikushuka mara moja. Tabaka gumu linaweza kulala juu ya changarawe iliyolegea, na chini yake pakawa na uwazi. Fundi anayechimba msingi bila kwanza kutoboa mashimo ya kupima anacheza na maisha ya watu. Na njia ya kupandia izunguke kilima. Ikikwea moja kwa moja, misimu michache ya mvua itaigeuza korongo, na kovu hilo litaonekana mbali kuliko dungu lolote.

Nimeandika hapo juu kwamba rangi hazioani. Hilo ndilo neno la pili la istilahi hii. Wengine hutafsiri lengo la msanifu kuwa kujificha, lakini hiyo ni kazi ya askari na ya kinyonga. Jengo linalooana na mandhari halimdanganyi mtu. Ukilikaribia unaliona, unajua limejengwa na mikono, na bado halikuudhi. César Manrique alilionyesha jambo hilo mwaka 1973 kule Lanzarote, kisiwa cha Uhispania kilichofunikwa na lava, alipokitia kituo chake cha kutazamia, Mirador del Río, ndani ya jabali lenyewe, kiasi cha mita 475 juu ya bahari. Kwa nje ni mawe. Kwa ndani ni madirisha mapana yanayoelekea kisiwa cha La Graciosa. Hakina kimo cha mnara hata kidogo, ila ni dungu kamili.

Kwetu liko la zamani zaidi. Treetops, katika Aberdare, milima ambayo nayo ni ya volkano, ilianza mwaka 1932 ikiwa kijumba juu ya mti wa mugumo kilichotazama maji wanapokunywa wanyama. Ilichomwa mwaka 1954, na iliyojengwa upya mwaka 1957 ikawa hoteli kubwa zaidi. Nikiulizwa na ofisi ya kaunti mfano wa kuanzia, nitaelekeza kwenye kile kijumba cha kwanza, kisha nitaomba neno dungu liandikwe kwenye zabuni yenyewe, kabla msanifu hajashika kalamu.