Dawa na Heshima ya Mchezo

Katika tambarare za Usangu, pale Ubaruku, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba magunia ya mpunga. Vijana wakishindana njiani, mshindi hujulikana kwa jasho lake. Je, kama angalikunywa dawa ya nguvu, tungalimsifu yeye au dawa?

Tarehe 13 Julai, 1967, Mwingereza Tom Simpson alianguka akafa akipanda mlima Ventoux katika mashindano ya baiskeli ya Ufaransa. Mwilini mwake ilikutwa amfetamini, dawa ifichayo uchovu, na uchovu ndio mlinzi wa moyo. Mwaka uliofuata, kule Mexico, wanamichezo wa Olimpiki walipimwa. Msweden Hans-Gunnar Liljenwall alinaswa kwa pombe (bia, ati!), na timu yake ikanyang'anywa medali ya shaba. Katika michezo hiyo hiyo John Stephen Akhwari wetu, goti limejeruhiwa, alimaliza marathoni wa mwisho, jua limekwisha kutua. Hakupata medali, lakini kila hatua ilikuwa yake.

Jirani zetu Wakenya nao wameonja uchungu: Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya 2016, alifungiwa mwaka 2017 kwa dawa iongezayo chembe nyekundu za damu.

Wako wasemao kwamba mkulima hutumia mbolea, basi mkimbiaji akatazwe nini? Hatukubali. Mpunga wetu haumnyimi jirani mavuno. Lakini aliyemaliza wa nne nyuma ya mlaghai hurudi kwao mikono mitupu, na ukweli ukidhihirika baadaye, uwanja umekwisha kuwa mtupu.