Chekechea ya Saint-Lambert na Suala la Lugha ya Mtoto Shuleni

Mnamo Septemba 1965, katika mji wa Saint-Lambert, ng'ambo ya mto Saint-Laurent mkabala na Montréal, watoto 26 wa familia zisemazo Kiingereza waliingia darasa la chekechea ambalo mwalimu wake aliwasemesha kwa Kifaransa tu. Darasa hilo ndilo chimbuko la elimu ya kutumbukizwa katika lugha, iliyoenea baadaye Kanada nzima.

Walioianzisha hawakuwa watawala bali wazazi. Tangu 1960 jimbo la Québec lilikuwa katika mageuzi makubwa. Wasemaji wa Kifaransa, waliokuwa wengi wa wakazi, walidai lugha yao ipewe hadhi yake. Wazazi wa Kiingereza waliona kuwa wana wao, licha ya kusoma Kifaransa kwa miaka mingi kama somo, walishindwa kuzungumza na jirani. Mwaka 1963 walianza kukutana, wakiongozwa na akina Olga Melikoff, Murielle Parkes na Valerie Neale. Wakuu wa shule walisitasita. Lakini Wilder Penfield, bingwa wa ubongo, na Wallace Lambert, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, waliwaunga mkono wazazi.

Katika chekechea watoto waliruhusiwa kusemezana Kiingereza. Mwalimu aliwaelewa, akawajibu kwa Kifaransa, kwa nyimbo, michezo na maneno ya kila siku. Darasa la kwanza walijifunza kusoma kwa Kifaransa. Darasa la pili Kiingereza kiliingizwa, na saa zake zikaongezwa hatua kwa hatua.

Lambert na Richard Tucker walifuatilia maendeleo yao, wakatoa kitabu mwaka 1972. Usomaji wa Kiingereza ulichelewa mwanzoni, kisha pengo likazibika, hesabu haikudhurika. Kifaransa chao kilikipita kwa mbali cha wenzao waliokisoma kama somo, ingawa katika kusema hawakuwafikia wazawa wa lugha hiyo.

Je, matokeo hayo yanahalalisha kumfundisha mtoto wa Kongo kwa Kifaransa tangu chekechea? Mageuzi ya 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha pekee ya kufundishia katika shule za msingi nchini. Kwa juu juu hali zafanana. Kwa undani zatofautiana. Lugha ya nyumbani ya mtoto wa Saint-Lambert ilikuwa lugha ya biashara, vitabu na madaraka. Hakuna aliyeidharau, nayo ilimngoja darasa la pili. Lambert mwenyewe alitofautisha uwililugha unaoongeza na ule unaopunguza: katika wa kwanza mtoto hupata lugha ya pili bila kupoteza ya kwanza, katika wa pili, lugha mpya huiondoa ile ya zamani. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu asiyekutana tena na Kiswahili katika masomo yake hakutumbukizwa, bali amezamishwa.

Wanaisimu waliokutana Lubumbashi mwaka 1974 walizitetea lugha za taifa shuleni, na sheria ya elimu ya 2014 imezitambua lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Basi funzo la Saint-Lambert kwa Kongo si kukitanguliza Kifaransa. Ni kwamba lugha ngeni hustawi palipo na lugha ya nyumbani iliyohifadhiwa, vitabuni na darasani.