SHERIA YA MAWIMBI NA UKOMBOZI WA KUSINI

Sheria haidondoki kutoka mbinguni. Hutungwa na wenye nguvu wa wakati wake. Mkataba wa kimataifa wa simu zisizotumia waya ulitiwa saini Berlin mwaka 1906, katika mji ule ule ambamo mabeberu walikutana mwaka 1884-85 kuhusu kuligawana bara letu. Uliagiza kila kituo kiendeshwe, kadiri iwezekanavyo, bila kuvuruga vingine. Mwaka huo huo Wajerumani waliwaua kwa njaa wananchi wa kusini mwa Tanganyika waliopigana Vita vya Maji Maji. Mkataba ulizilinda meli za mabeberu. Mnyonge hakuwa na sauti ya kulindwa.

Lakini wimbi la redio halitambui mpaka wa mkoloni. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipewa nafasi katika Radio Tanzania. Majeruhi wake walitibiwa Mtwara, na sauti yake ilivuka Ruvuma hadi Msumbiji ikajikomboa tarehe 25 Juni, 1975.

Mwaka 1982 mataifa yalikutana Nairobi, yakakataza tena uvurugaji wenye madhara. Hata hivyo, majeshi yaliachiwa uhuru kuhusu mitambo yao, na kanuni hiyo ingalipo.

Kada ajifunze mambo mawili. Kwanza, sheria iheshimiwe: mtambo usio na leseni waweza kuziba wito wa chombo kinachozama mlangoni mwa Ruvuma. Pili, sheria peke yake haimkomboi mnyonge. Ngao yake ni umoja, na mitambo iliyo mikononi mwake.