Kutoka Uani hadi Karakana: Useremala wa Nyumbani Katika Nchi ya Ugogo

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, aina ya nyumba ndiyo iliyoamua fundi wa mbao afanyie kazi wapi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857, makazi ya wenyeji yalikuwa tembe: nyumba ndefu ya kimo kifupi, yenye paa bapa la udongo, iliyouzunguka ua ambamo ng'ombe walilala usiku. Tembe haikudai ubao uliopasuliwa. Nguzo zenye panda zilichimbiwa ardhini, boriti zikalazwa juu yake, zikafuata fito, majani na udongo. Shoka na mikono ya majirani vilitosha.

Vyombo vya nyumbani vilichongwa palepale uani. Mchongaji aliketi chini, akalibana gogo kwa miguu na kulichonga kwa tezo hadi likawa kinu, kigoda, au mwili wa zeze na wa marimba, ala ambazo Hukwe Zawose, msanii wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alizifikisha kwenye majukwaa ya ng'ambo. Kivuli cha mti au cha ukuta kilimfaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwani mvua ya Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mji ukakua kandokando ya stesheni, wafanyabiashara wakafungua maduka, na majengo yenye milango ya fremu na paa za bati yakaongezeka. Paa la bati lina masharti yake: kenchi lazima zikae sawa, na mbao ziwe zimenyooka. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kukaa chini. Huhitaji benchi imara, msumeno, randa na jiliwa.

Vijijini badiliko kubwa lilikuja baadaye. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na tembe nyingi zikaachwa. Mwaka 1973 ukafuata uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, ikaundwa na mamlaka ya kuustawisha mji huo. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mahitaji ya milango, madirisha, makabati na vitanda yaliongezeka, na mafundi wengi wakajenga banda la kazi kando ya nyumba zao.

Banda hilo hupangwa kwa kufuata hali ya nchi. Paa lake hutokeza mbali ili jua kali lisiifikie mbao, kwa sababu mbao mbichi ikikauka haraka hupasuka nchani na kupinda. Mbao hupangwa kivulini juu ya magogo, mbali na mchwa, zikitenganishwa kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Benchi huwekwa penye mwanga, na urefu wake hulingana na kiuno cha fundi ili mgongo usichoke anaporanda. Upande mmoja huachwa wazi ili vumbi litoke na mbao ndefu ziingie bila kugeuzwa.

Mashine za umeme za kupasua na kuranda ndizo zilizoleta kuta, mlango wa kufuli na sakafu ya saruji, kwa kuwa chombo cha thamani hakiachwi uani. Kelele na vumbi lake vimezua pia swali la majirani, ambalo mchongaji wa tezo hakuwahi kukutana nalo. Kwa hiyo fundi anayejenga karakana nyumbani leo hupima mambo matatu kwa pamoja: mbao zitakaukia wapi, mashine italindwaje, na jirani atalalaje.