Bahari, mikoko na msitu: kijiji cha pwani ya Kilwa na Lindi kina mamlaka gani?

Kila inapofika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vijiji vingi vya pwani yetu hufanya usafi. Watu huokota chupa, nyavu chakavu na ndala zilizokatika. Wiki mbili baadaye ufukwe umerudi ulivyokuwa. Kwenye mikoko ni hivyo hivyo: miche hupandwa siku ya maadhimisho, wageni hupiga picha, na baada ya miezi michache iliyobaki hai ni ya kuhesabu.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakiuliza kwa nini juhudi hizi hazidumu, na kama mwananchi wa kawaida ana nafasi gani zaidi ya kuitwa siku ya kazi. Katika makala hii tunaeleza sheria inakipa kijiji mamlaka gani, wapi katika Mkoa wa Lindi mamlaka hayo yamezaa matunda, na mambo gani hukwamisha.

Kushirikishwa maana yake nini?

Kuitwa kufanya kazi na kushirikishwa ni mambo mawili tofauti. Mtu anayeitwa hupewa ufagio. Anayeshirikishwa anakuwepo pale mpango unapoamuliwa, anajua faida itakwenda wapi, na anasomewa hesabu. Tukiangalia mifano ya pwani yetu, ulinzi uliodumu ni ule uliokuwa na mambo hayo matatu: uamuzi, faida na hesabu.

Somo la uvuvi wa mabomu

Mfano wa kwanza ni wa zamani kidogo. Kwa miongo mingi pwani ya Tanzania ilisumbuliwa na uvuvi wa baruti. Bomu moja hubomoa matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Samaki wengi wanaokufa huzama, hivyo mvuvi hupata sehemu tu ya alichokiua. Mayai na samaki wadogo huangamia pia. Wapo wavuvi waliopoteza mikono, na wengine maisha.

Katika miaka ya 1990, wakazi wa vijiji vya pwani ya Mtwara na Lindi walichoka na hali hiyo. Waliunda mtandao wao uliojulikana kama Shirikisho, wakafikisha malalamiko yao kwa viongozi wa ngazi za juu, na vyombo vya dola vikaingia kazini. Milipuko ilipungua sana, lakini baada ya miaka michache ilirudi. Mwaka 2015 watafiti waliopita na boti pwani yote ya Tanzania, wakiwa na vifaa vya kunasa sauti chini ya maji, walirekodi milipuko zaidi ya 300 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mingi ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Operesheni kali zilizofuata ndizo zilizoipunguza tena.

Tunalojifunza hapa ni kwamba kila upande unamhitaji mwenzake. Wanakijiji wanajua nani analipua na nani ananunua samaki wake, lakini hawana silaha wala mahakama. Serikali inavyo vyote viwili, ila haiwezi kuwa kila mwamba kila siku. Upande mmoja ukilegea, mabomu hurudi.

BMU ni nini?

Ili ushirikiano huo usitegemee hiari ya mtu, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ilitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi wetu tunaviita kwa kifupi BMU. BMU inawahusu watu wote wanaoishi kwa bahari katika kijiji: wavuvi, wenye vyombo, wachuuzi, mama wanaokaanga samaki na wanaokwenda pweza kwa miguu. Wanachama huchagua kamati. Kamati huandaa mpango wa usimamizi, hushiriki doria, huweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa na hupendekeza sheria ndogo.

Sheria ndogo ina njia yake. Halmashauri ya kijiji huiandaa, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya ili madiwani waipitishe. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho, faini yoyote inayotozwa inaweza kupingwa. Vijiji vingi hukwama hapa: rasimu hukaa ofisini miaka, na walinzi hubaki bila nguvu ya kisheria.

Kwa kuwa samaki hawajui mpaka wa kijiji, vijiji vinavyovua eneo moja vinaweza kuwa na mpango wa pamoja. Vijiji vya Rufiji, Mafia na Kilwa vimefanya hivyo kwa msaada wa WWF.

Kufunga mwamba wa pweza

Jambo moja ambalo BMU inaweza kuamua, na matokeo yake yakaonekana haraka, ni kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa. Kisiwani Songosongo, wilayani Kilwa, njia hii imetumika. Imetumika pia Pemba, na huko Madagascar kijiji cha Andavadoaka kilianza mwaka 2004.

Siri yake ni maisha ya pweza mwenyewe. Pweza huishi takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua haraka mno. Anayeachwa miezi miwili au mitatu huongezeka uzito mara kadhaa. Jike hutaga mara moja tu. Hukaa shimoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ukimtoa shimoni kabla ya hapo, umepoteza yeye na kizazi chake. Ndiyo maana kanuni za uvuvi zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500.

Hata hivyo, kufunga kuna gharama. Wanaoumia kwanza ni wanawake na wazee wanaokwenda pweza kwa kijiti maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kwa sababu hawana chombo cha kwenda mwamba mwingine. Hivyo ni lazima wawepo wakati wa kuchagua mwamba upi ufungwe na upi uachwe wazi. Siku ya kufungua nayo ina hatari yake. Wageni wakipata habari, hufika kwa wingi na kuvuna jasho la wenyeji kwa siku mbili. Vijiji vilivyojipanga hukubaliana mapema nani ataingia, atalipia nini, na mnunuzi atatoa bei gani kwa kilo.

Mpingo wa Kikole na Nanjirinji

Mfano ulio wazi zaidi kuhusu faida hautoki baharini. Unatoka bara, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilwa. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake na kuusimamia chenyewe. Hapo ndipo kijiji hupata haki ya kuuza mbao kwa mpango na kubaki na mapato. Kabla ya hapo, gogo la mpingo lilitoka kijijini na wenyeji wakaambulia karibu na bure, ingawa mti huo ndio unaotengenezewa klarineti za Ulaya na vinyago vya Wamakonde.

Kwa msaada wa shirika la MCDI lenye ofisi Kilwa Masoko, vijiji kadhaa vilifuata njia hiyo. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, vikiwa vya kwanza Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Baadaye Nanjirinji ilijulikana kwa mapato makubwa ya mbao yaliyoelekezwa kwenye maendeleo ya kijiji. Msitu ukishakuwa mfuko wa kijiji, mtu anayeingia usiku na msumeno anaiba mali ya jirani zake, na jirani hawezi kunyamaza.

Mikoko ina utaratibu tofauti

Wengi hudhani mikoko iliyo mbele ya kijiji ni ya kijiji. Sivyo. Ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kukata nguzo au boriti kunahitaji kibali. Kijiji kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, lakini kabla ya kutia saini wananchi waulize mgawo wao ni upi. Makubaliano yanayokipa kijiji doria bila kukipa mapato huwachosha watu mapema.

Kuhusu kupanda, tuseme ukweli: mche wa mkoko uliochomekwa mahali pasipofaa hufa. Kila aina ya mti ina kiwango chake cha maji na chumvi. Wazee wanaovua kamba wanajua wapi paliota nini zamani, na kuwauliza hakuna gharama. Mara nyingi kufungua mkondo wa maji ulioziba husaidia kuliko kupanda miche elfu moja.

Takataka ufukweni

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini chupa, vifungashio na nyavu za nailoni bado zipo. Sehemu huletwa na mvua kutoka majumbani na sokoni, sehemu huachwa na vyombo na wavuvi wa dago, na sehemu huletwa na mawimbi kutoka mbali.

Kabla ya kuzoa, tenganisheni na kuhesabu kwa siku chache. Kama nyingi ni chupa za maji na soda, tafuteni mnunuzi wa plastiki na mahali pa kuzikusanya. Kama ni nyavu, jambo hilo ni la BMU na wenye vyombo. Kama ni taka za nyumbani, shimo au dampo liwe mbali na njia ya maji ya mvua. Kuchoma plastiki si suluhisho, maana moshi wake una sumu.

Maswali ya kuuliza kijijini

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Tunashauri uende na maswali haya:

- Je, BMU yetu imesajiliwa, na kamati ilichaguliwa lini?
- Sheria ndogo zetu zimepitishwa na halmashauri ya wilaya, au bado ni rasimu?
- Wanawake wanaokwenda pweza na wachuuzi wana wajumbe kwenye kamati?
- Ushuru na faini zimeingia kiasi gani, na zimetumika wapi?
- Wavuvi wa dago wanapofika, wanajiandikisha kwa nani?
- Walinzi wanaofanya doria wanapata mafuta na posho kutoka wapi?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Doria nyingi hufa mradi wa wafadhili unapoisha, au mlinzi anapotakiwa kumkamata shemeji yake bila kuungwa mkono na ofisi. Pia, mwananchi asiwakabili walipuaji peke yake. Toa taarifa kwa afisa uvuvi, mtendaji wa kijiji au polisi.

Majibu utakayopata ndiyo yatakuonyesha kama kijiji chako kinashirikishwa au kinaitwa tu. Kama hesabu haisomwi, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kununua fagio jipya.